Tano Haina Mbuzi

Fomu ilikuwa na kurasa nne na maswali kumi na saba, na yale kumi na sita ya kwanza hayakuwa na kazi yoyote duniani. Yaliuliza kama rangi za mchezo zinapendeza, kama sauti inasikika, na kama mtoto "ameshirikishwa kikamilifu katika safari yake ya ujifunzaji", maneno ambayo Arafa aliyasoma mara tatu bila kujua nani anasafiri na anakwenda wapi. Swali lenyewe lilikuwa la kumi na saba: Je, mchezo huu unawafaa watoto wa umri wa chekechea? Chini yake vilikuwepo visanduku viwili, NDIYO na HAPANA, na kwa ajili ya maelezo palikuwa na nusu mstari. Aliyeichora fomu ile alikuwa ameshajijibu mwenyewe. Nafasi aliyoiacha ilitosha neno "sana".

Arafa alikuwa mtoto wa Bagamoyo mjini, mwenye shahada ya elimu ya awali iliyokuwa bado inanukia karatasi mpya. Aliamini kwamba hakuna mtoto mjinga, kuna mtoto aliyeulizwa vibaya. Siku ya mahafali alilia kwa hotuba ambayo wenzake wote waliilalia. Sasa alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio katika shirika moja la Dar lililotengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Shamba la Bibi, wa kuwafundisha watoto kuhesabu, na alikuwa ametumwa Miono na vishikwambi sita, sola moja, ile fomu, na siku tano.

"Kazi nyepesi," aliambiwa na bosi wake, Najim, kijana mwenye shati lisilokunjana hata akililalia. "Wewe wafundishe kufungua, halafu waache wacheze. Mtambo unasahihisha wenyewe, matokeo yanakuja Dar yenyewe, na mzazi anapelekewa ujumbe kwenye simu. Ijumaa nakuja kuchukua fomu. Shule arobaini zinasubiri, Arafa. Usije ukaanza kuwaza sana."

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililompa Arafa uzito njia nzima kuanzia Msata, akiwa nyuma ya bodaboda amekumbatia begi la vishikwambi kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzie. Shule ya msingi iliyokuwa karibu ilikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Mwalimu mkuu wake, Muhidini, alikuwa amekubaliana na shirika kwamba Januari atawaandikisha darasa la kwanza wale tu ambao mchezo utasema wako tayari. Wengine warudie chekechea mwaka mzima. Alama za kufaulu zilikuwa kumi kati ya ishirini, kisha zikashushwa hadi sita, ili waliofaulu wawe wengi na wafadhili walale usingizi.

Chekechea yenyewe ilikuwa banda la bati lisilo na ukuta upande mmoja, mikeka minne, na watoto kumi na wanane ambao wote walikuwa wanatimiza miaka sita. Mwalimu wao aliitwa Dija, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya bonde. Alikuwa amewafundisha kuhesabu kwa korosho za maganda, miaka miwili, kwa kujitolea. Banda lilikuwa pia na kuku mmoja mweupe mwenye madoa, ambaye hakukosa kipindi hata kimoja kwa sababu kiota chake kilikuwa kwenye kona ya nyuma. Watoto walimwita Msaidizi.

"Shikamoo, Mwalimu," Arafa alisema Jumatatu asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Hizo ndizo simu pana zenyewe?" Mwalimu Dija alikigeuza kishikwambi akakitazama mgongoni, kama mtu anayekagua samaki. "Haya. Tuone kilichowashinda walimu kikiwezwa na kioo."

Watoto waligawanywa watatu watatu, kila kundi na kioo chake. Arafa akawasha. Akatokea bibi mnene, mwenye miwani na kanga mbili, amesimama katikati ya maboga. Watoto kumi na wanane, watoto waliolelewa, walifanya lile ambalo kila mtoto aliyelelewa hufanya akikutana na bibi.

"Shikamoo, Bibi," wakasema kwa pamoja.

"Karibu shambani kwangu," alisema bibi wa kwenye kioo. "Bonyeza kitufe cha kijani."

Watoto wakangoja. Bibi akatabasamu, akapepesa macho, asiseme kitu.

"Hajasikia," alisema Kibwana, mtoto mwenye pengo la meno mawili ya mbele. Wakamwamkia tena, safari hii kwa sauti iliyomtoa Msaidizi kiotani.

"Bonyeza kitufe cha kijani," alisema bibi.

"Kiziwi," Kibwana alihukumu.

"Si kiziwi," alisema Maulida aliyekaa pembeni yake, msichana mwembamba mwenye macho ya karani. "Mbona kanga kazivaa sawasawa. Ana maringo tu."

Mwalimu Dija alikuwa amekunja mikono. "Huyo mmemtoa wapi? Watoto wamemwamkia mara mbili, yeye bonyeza, bonyeza."

"Ni katuni, Mwalimu," Arafa alijitetea.

"Katuni ndiyo haina kwao?"

Arafa akacheka, akaandika pembeni ya fomu: Bibi aitikie. Kisha akawaonyesha watoto swali la kwanza. Kikapu kilionekana, ndani yake mayai matano. Bibi akauliza, "Mayai ni mangapi?" Chini zikatokea tarakimu tatu: tatu, tano, nane. Kibwana, ambaye kidole chake kilikuwa karibu na tatu, akabonyeza tatu.

Hapo ndipo alipotokea mbuzi.

Alitoka nyuma ya maboga, beberu mweusi mwenye ndevu, akauma pindo la kanga ya bibi akavuta. Bibi akazunguka mara tatu kama pia, miwani ikaruka, akaanguka kitako juu ya kikapu cha mayai. "Mama wee," akasema bibi kutoka kwenye mayai yaliyopasuka. "Jaribu tena."

Banda lilipasuka kwa kicheko. Watoto wa makundi mengine waliacha vioo vyao wakaja kumlalia Kibwana mgongoni. Hata Mwalimu Dija aligeukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Wataalamu wa shirika walikuwa wameshauri hivyo. Mtoto akikosea asikaripiwe, walisema, achekeshwe kidogo ili asivunjike moyo. Akipata, hupewa zawadi: nyota ndogo ya njano iliyopanda juu taratibu huku bibi akisema, "Hongera. Umepata nyota." Hakuna aliyewaambia wataalamu kwamba nyota hazijawahi kuadimika Miono. Zinaonekana bure kila usiku, na hazijawahi kumwangusha bibi wa mtu.

Siku ile Arafa aliandika kwamba watoto wamechangamka kupita kiasi. Kitu pekee kilichomsumbua ni Msaidizi, aliyepita juu ya kishikwambi kilichoachwa mkekani. Kidole cha mguu wake kilipogusa kioo, mbuzi akatokea. "Jaribu tena," bibi alimwambia kuku. Arafa akamfukuza, akapangusa kioo kwa pindo la hijabu yake.

Jumanne watoto walifika kabla ya mwalimu. Walicheza kwa zamu, kila mmoja kwa jina lake, mpaka sola ikachoka. Arafa alizunguka kundi kwa kundi akisikia vicheko, na moyo wake ukawa mweupe. Jioni matokeo yalikwenda Dar, na kutoka Dar yakarudi Miono, moja kwa moja kwenye simu za wazazi.

Jumatano saa moja na nusu, Yahya, baba yake Kibwana, alikuwa mlangoni na baiskeli yenye tenga la mananasi. Alimkabidhi Mwalimu Dija simu yake bila salamu, na kwa mtu wa Miono hilo lilikuwa tusi tayari.

Mwalimu Dija akasoma kwa sauti. "Mpendwa mzazi. Mtoto wako KIBWANA amepata 0/20. Hajawa tayari kwa darasa la kwanza. Mtie moyo."

"Nimtie moyo," alisema Yahya. "Sifuri, Mwalimu. Miaka miwili namleta hapa. Huyu nyumbani ananihesabia mananasi, nikiuza moja bila kumwambia ananidai. Hapa kapata sifuri. Mnawafundisha nini, kuimba?"

Kufika saa tatu walikuwa wamekuja wazazi tisa. Sifuri. Sifuri. Moja. Sifuri. Mwalimu Dija alizipokea simu moja baada ya nyingine, akazisoma zote kwa sauti ileile. Wa mwisho alipoondoka alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akawa anazichezea korosho mkononi. Arafa hakuwahi kumwona amenyamaza. Alitamani amtukane.

Simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa Najim.

"Arafa, hao watoto vipi? Nimeangalia matokeo nikadhani mtambo umeharibika."

"Kaka Najim, naona kuna kitu..."

"Kitu ni kwamba hawajui. Sikiliza, mimi si mwalimu, lakini maswali ni ishirini na kila moja lina majibu matatu. Hata kuku akidonoadonoa kile kioo anapata sita, saba. Hao wamezidiwa na kuku." Akacheka kidogo kwa utani wake. "Sasa usijali, fomu inauliza kama mchezo unafaa, haiulizi kama watoto wanafaa. Weka NDIYO. Kuhusu watoto, Mwalimu Mkuu nimeshazungumza naye, watarudia. Mwaka mmoja si kifo."

Alipokata simu, Mwalimu Dija alikuwa anamtazama. "Kasemaje?"

Arafa hakujua kudanganya. Lilikuwa moja kati ya mapungufu yake. "Kasema wamezidiwa na kuku."

Mwalimu Dija akainuka. "Maulida. Njoo hapa. Hizi ngapi?" Akafungua kiganja.

"Saba."

"Nikiongeza hizi?"

"Kumi na moja."

"Kibwana. Nikila tatu?"

"Zinabaki nane. Lakini hazijakaangwa, Mwalimu, usile."

Akawauliza wote kumi na wanane, mmoja mmoja, na hakuna aliyekosea. Kisha akazimwaga korosho ndani ya kopo kwa kishindo. "Umeona kwa macho yako. Sasa niambie wewe uliyesoma, kwa nini wakinitazama mimi wanajua, wakikitazama hicho kioo chako wanakuwa mazezeta?"

Arafa alifanya kile alichopaswa kufanya tangu Jumatatu badala ya kuzunguka akifurahia vicheko. Alikaa mkekani, nyuma ya Maulida, akatazama kidole kimoja tu.

Maboga matano yalitokea kwenye kioo. Midomo ya Maulida ilicheza: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kidole kikaenda mpaka juu ya tano, kikasimama hapo kama kunguru juu ya waya, kisha kikahamia kwenye nane na kubonyeza. Mbuzi akatoka. Bibi akaenda chini. Watatu wale wakacheka mpaka wakaegemeana.

"Maulida," alisema Arafa polepole. "Maboga yalikuwa mangapi?"

"Matano."

"Sasa mbona umebonyeza nane?"

Maulida alimgeukia na uso wa huruma, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia iliyo wazi mbele yake. "Tano haina mbuzi, dada."

Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi, samaki kumi na wawili waliotawanyika. Kibwana alitaka kubonyeza haraka, Maulida akamshika mkono. "Ngoja, usiguse ovyo. Tuhesabu kwanza. Ukibahatisha utakuja kupata nyota." Wakahesabu, wakarudia, wakabishana kuhusu samaki mmoja aliyejificha nyuma ya jani, wakakubaliana kwamba kumi na mbili ndiyo ya kweli kwa hiyo isiguswe na mtu. Kutoka kundi la jirani ilisikika zomeazomea: mtoto mmoja alikuwa amekosea hesabu na kupata jibu sahihi. "Kapata nyota! Kapata nyota!" Mwenye nyota alikuwa karibu kulia.

Arafa alisomeshwa takwimu mihula miwili na mhadhiri aliyefundisha akitazama dirishani, na leo ndiyo mara ya kwanza zilipomfaa. Kuku anayebahatisha hupata sita, saba. Ili upate sifuri katika maswali ishirini lazima ulijue kila jibu, kisha ulikwepe. Mtoto asiyejua angekosea hata kukosea.

Alimkimbilia Mwalimu Dija na habari ile kama mtu aliyeokota dhahabu. Mwalimu Dija alisikiliza, akamwita Maulida akamuuliza mwenyewe, kisha akaketi tena juu ya ndoo na kucheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Sasa hao wa Dar walitegemea nini?" alisema. "Umewapa watoto bibi. Bibi ni mtani wako. Mjukuu wangu wa kiume kila siku ananiambia mimi mke wake nisiyejua kupika, anataka kuoa mwingine. Na mimi namwambia mume gani hajui kujifunga kamba za viatu. Unampa mtoto bibi, bibi mwenyewe hajui hata kuitikia salamu, halafu unampa na mbuzi wa kumwangusha. Hata mimi ningemwangusha."

"Walitaka mtoto asivunjike moyo akikosea."

"Hajavunjika. Aliyevunjika ni bibi."

Alipomaliza kucheka aliona njia nyepesi. Alhamisi wawaambie watoto wabonyeze majibu ya kweli, basi. Mtambo utawapa ishirini, ujumbe utakwenda kwa wazazi, Mwalimu Mkuu atawaandikisha, na kila mtu atakwenda zake.

Wakafanya hivyo. Watoto, kwa kuombwa vizuri na kuahidiwa vitumbua, walicheza mara moja kwa adabu. Banda lilikuwa kimya kama lina mgonjwa. Nyota zilipanda moja baada ya nyingine. Mtoto mmoja alilala kwenye swali la kumi na nne, akaamshwa, akamaliza. Kumi na sita walipata ishirini, wawili kumi na tisa.

Jioni simu za Miono zilijaa hongera, na Yahya alileta nanasi. Arafa alikula vipande viwili, akaacha. Watoto kumi na wanane walikuwa wamepona. Lakini fomu ilikuwa mbele yake, na kalamu, na shule arobaini. Katika kila moja kutakuwa na mbuzi yuleyule, na watoto wenye akili ya kutosha kumpenda, na ujumbe kwenye simu za baba zao. Na hakutakuwa na mtu aliyekaa nyuma ya kidole.

"Weka HAPANA basi," alisema Mwalimu Dija.

"Nikiweka HAPANA, kaka Najim atasema mbona wamepata ishirini. Atasema mchezo umewafundisha."

"Na wewe atakufukuza?"

"Labda."

Mwalimu Dija alitafuna kidogo. "Yeye si ndiye aliyesema habari za kuku?"

Ijumaa Najim alifika mapema ili awahi kuondoka kabla ya sala, na Mwalimu Mkuu Muhidini akaja naye kwa miguu kutoka shuleni, daftari kwapani. Muhidini alikuwa mtu mrefu, mwenye uchovu wa mtu anayegawa madawati thelathini kwa watoto tisini kila mwaka na kulaaniwa na wote. Walipewa viti viwili vilivyokuwepo.

Najim alikuwa na furaha isiyofichika. "Mkuu, umeyaona matokeo? Jumanne sifuri, Alhamisi ishirini. Siku mbili. Hakuna mwalimu duniani anayeweza hivyo." Akakumbuka yuko kwa nani. "Bila kumkosea heshima Mwalimu hapa."

"Hujanikosea," alisema Mwalimu Dija kwa upole uliomtisha Arafa.

"Arafa, fomu."

Arafa alisimama. "Bado jaribio moja, kaka Najim. Jumatano uliniambia hata kuku anapata sita, saba. Nimeona si vizuri kuandika ripoti bila kuhakikisha."

Najim alidhani ni utani, akatabasamu. Mwalimu Dija alikuwa ameshamnyanyua Msaidizi kiotani. Akakilaza kishikwambi mkekani, akaingiza jina, akaingiza namba yake ya simu penye namba ya mzazi, akanyunyiza punje chache za mchele juu ya kioo.

"Mwanafunzi mpya," alisema. "Ana mahudhurio mazuri kuliko wote."

Watoto wakaja kuzunguka. Msaidizi akapanda juu ya kioo kwa hatua za mtu anayejua kazi yake. Akadonoa punje, akasogeza mguu, kidole kikagusa, mbuzi akatoka. Watoto wakashangilia. Akasogeza tena: nyota. Watoto wakamzomea. Mbuzi, mbuzi, nyota, mbuzi. Punje zilipoisha aliongezewa. Kwenye swali la kumi na moja alipata nyota mbili mfululizo, Kibwana akasema anaharibu mchezo. Swali la ishirini alilijibu kwa kukaa kitako. Muhidini alikuwa amevua miwani na kuinama mpaka karibu aanguke kitini. Najim peke yake ndiye aliyekuwa anatazama juu, kwenye bati.

Kisha simu ya Mwalimu Dija ikalia kifuani mwake. Akaitoa, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ileile aliyowasomea wazazi tisa siku ya Jumatano.

"Mpendwa mzazi, hongera. Mtoto wako MSAIDIZI amepata 7/20. Yuko tayari kwa darasa la kwanza. Mwandalie sare."

Muhidini alikaa wima. Alimtazama kuku, akamtazama Najim, akafungua daftari. "Huyu nimweke dawati la mbele au la nyuma?"

"Mkuu," alisema Najim.

"Hapana, nauliza tu. Tulikubaliana nitawapokea ambao mtambo umesema wako tayari. Mimi ni mtu wa makubaliano."

Hapo Arafa akaeleza. Alieleza vibaya, akiruka huku na huku, akichanganya takwimu na utani wa bibi. Lakini Muhidini alikuwa mwalimu kabla hajawa mgawa madawati, na alishaelewa alipofika nusu. Akachukua korosho kutoka kwenye kopo, akamwonyesha Maulida kiganja.

"Hizi ngapi?"

"Tisa."

"Sasa nidanganye. Nipe jibu la kosa."

Maulida alimpima. "Sita," akasema.

"Vizuri. Lingine."

"Kumi na moja."

"Na kwa nini usiseme tisa?"

"Si umesema nikudanganye, babu?"

Muhidini alizirudisha korosho kwenye kopo, na kwa muda alionekana amepungua miaka kumi. Akamgeukia Najim. "Hawa nawaandikisha wote. Kama madawati hayatoshi watakaa chini, chini wameshapazoea. Lakini kijana, vijiji vingine navyo vitapelekewa huyu mbuzi?"

Najim alikuwa amekiokota kishikwambi na kukipangusa, kwa sababu Msaidizi hakuwa na adabu za mjini. Mchezo ulikuwa umeanza upya, na kikapu kilikuwa kwenye kioo: mayai manne. Najim, ambaye alikuwa ameuza mchezo ule kwenye mikutano kumi na mbili bila kuucheza hata mara moja, alikitazama kidogo. Akabonyeza tisa.

Mbuzi akatoka. Bibi akazunguka, miwani ikaruka, kitako, mayai. "Mama wee," alisema bibi.

Sauti iliyomtoka Najim haikuwa ya mtu wa mikutano. Aliizuia kwa kiganja, akakohoa. Kisha, kwa kuwa watoto walikuwa wanamtazama kwa macho ya wenzake, akajaribu tena, safari hii akabonyeza tarakimu mbili.

"Hebu ona," alisema mwishowe, bila kumlenga mtu. "Mbuzi ndiye mzuri kuliko vyote."

"Ndiyo," alisema Arafa. "Ila kakaa mahali pabaya."

Alichukua fomu, akaiweka juu ya goti. Kwenye swali la kumi na saba aliweka alama kwenye HAPANA, akaikoleza mara mbili ili asije akabadili mawazo njiani. Kisha akaandika kwenye ile nusu mstari, kwa herufi ndogo, na ilitosha: Mbuzi ahamie jibu la kweli. Bibi aitikie. Ujumbe kwa wazazi ufutwe.

Najim aliipokea, akasoma, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa shati lisilokunjana. Hakusema kama ataipeleka juu au ataitupa baharini. Alichosema ni, "Jumatatu uwe ofisini saa mbili. Utakuja kuwaelekeza hao wachoraji kuhusu huyo mbuzi, mimi sitaweza kueleza bila kucheka." Halafu akaongeza kwamba hilo halimaanishi amepata kazi. Arafa akaitikia kwamba ameelewa. Kwa kweli hakuelewa, ila moyo ulikuwa mwepesi, na hilo lilimtosha mpaka Jumatatu.

"Hata mkimhamisha," alisema Kibwana, "siku moja moja awe anarudi kwenye kosa. Asizoeleke."

Muhidini alikuwa ameketi anaandika majina, na watoto wamejipanga mbele yake kwa mstari ulioyumba. Maulida alisimama begani kwake akiyahesabu kwa sauti kila linapoingia daftarini. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Jina la mwisho lilikuwa lake mwenyewe. Muhidini akaliandika, akaweka nukta, akainua kichwa.

"Wote wangapi, mjukuu wangu?"

Midomo ya Maulida ikacheza kidogo bila sauti, ikafika ilikofika.

"Arobaini," akasema, akamwangalia babu usoni, akisubiri mbuzi.